Mishipa ya Damu si Bomba la Maji



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia malaria, lishe ya watoto, maji safi na chanjo. Mwezi huu tunaomba tuzungumzie ugonjwa ambao zamani tulidhani ni wa Wazungu na wa matajiri wa mjini, yaani kukakamaa kwa mishipa ya damu. Tunaomba radhi mapema, kwa kuwa baadhi ya mambo tutakayoyasema yanapingana na yale tuliyowafundisha sisi wenyewe.

Kwa miaka mingi sisi wauguzi, tulipotoa somo la afya asubuhi kwa wagonjwa wanaongoja kumwona daktari, tulichora bomba ubaoni. Kwanza bomba jipya, kisha bomba lililojaa kutu na uchafu. Tukasema: "Mnaona? Mafuta yanaganda ndani ya mshipa kama yanavyoganda kwenye sufuria usiku. Damu inakosa njia." Watu walitikisa vichwa, wakaelewa, wakaenda zao. Picha ilikuwa rahisi kuchora na rahisi kukumbuka. Lakini ilikuwa kweli nusu tu, na ile nusu nyingine imewagharimu watu.

Yupo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mwembamba ambaye hajawahi kuwa na kitambi maishani mwake. Alikuwa akihudhuria kliniki ya shinikizo la damu bila kukosa. Daktari alimwandikia vidonge vya presha pamoja na kidonge cha kupunguza lehemu, yaani yale mafuta ya kwenye damu. Halafu hatukumwona kwa miezi minne. Aliporudi aliletwa na wanawe akiwa amebebwa, mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Mkewe alitoa kwenye kikapu chupa ya dawa ya "kusafisha mishipa" iliyonunuliwa stendi ya mabasi. Muuzaji alikuwa amewaonyesha karatasi yenye picha mbili: bomba chafu na bomba safi. Picha yetu ile ile!

"Sista," mama yule alituambia, wala hakusema kwa hasira, "si ninyi mliotufundisha kwamba mishipa imejaa mafuta? Tukaona afadhali isafishwe mara moja, kuliko kumeza vidonge kila siku mpaka kufa."

Hatukuwa na la kumjibu siku ile. Leo tunajaribu kujibu.

Mshipa wa damu ni nyama hai. Una ukuta wenye tabaka tatu, na kwa ndani kabisa umefunikwa na ngozi laini, nyembamba mno, ambayo damu huteleza juu yake. Lehemu husafiri katika damu ikiwa imefungwa katika vifurushi vidogo sana. Vifurushi hivyo vikizidi, au ngozi ile laini ikijeruhiwa na presha ya juu, na sukari nyingi au na sumu ya tumbaku, baadhi yake hupenya chini ya ngozi na kunasa humo, ndani ya ukuta wenyewe. Hapo huharibika, kama maziwa yanavyoharibika yakisahauliwa juani.

Sasa wanaingia askari wa mwili. Ngozi ya mshipa ikihisi kwamba kuna kitu kigeni chini yake, hutoa vishikizo vya kuwanasa askari wanaopita, ndio chembechembe nyeupe za damu. Hao hujipenyeza ukutani na kuanza kula yale mafuta yaliyoharibika. Wanakula na kula bila kushiba, mpaka kila mmoja anajaa mafuta tele, na ukimtazama kwa hadubini anaonekana kama povu la sabuni. Wakishindwa kuyamaliza hufia papo hapo, na mizoga yao huwaita askari wengine. Mwili nao hujaribu kuficha uchafu huo kwa kujenga kovu juu yake, kama kifuniko. Baada ya miaka mingi chokaa huingia katika kovu, na hapo ndipo mshipa unapokakamaa.

Kila mtu aliyechomwa mwiba anajua jinsi kidole kinavyovimba, kinavyokuwa chekundu, kinavyopata joto na kuuma. Hiyo ni kazi ya askari hao hao, na ni kazi njema. Tuiite mwako. Mwiba ukitoka mwako huzimika. Ndani ya mshipa mwiba hautoki, kwa sababu kila siku damu inaleta mafuta mengine na kila siku ukuta unajeruhiwa upya. Ni kidonda kisichofunga, nacho hakiumi. Mtu anaweza kuwa nacho kwa miaka 20 au 30 huku analima, anacheza ngoma na kuimba kwaya.

Kinachoua mara nyingi si kule kuziba polepole tulikochora ubaoni. Askari waliojazana katika kidonda hutoa kemikali zinazoliyeyusha lile kovu. Siku moja kifuniko kinapasuka, uchafu unagusana na damu, na damu inaganda hapo hapo, ndani ya dakika chache. Ikigandia kwenye mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ikiwa ni mshipa unaokwenda kwenye ubongo, ni kiharusi. Na kidonda kilichopasuka huenda kilikuwa hakijaziba hata nusu ya mshipa. Ndiyo maana tunasikia msibani, "Lakini jana alikuwa mzima kabisa!" Hapana, hakuwa mzima. Alikuwa na kidonda kisichouma.

Sasa mwenye chupa ya kusafisha mishipa anasafisha nini? Uchafu haukubandikwa ndani ya bomba ili usuguliwe kwa kitunguu saumu na limau. Uko ndani ya nyama ya ukuta, chini ya ngozi na chini ya kovu. Anayedai kuusuuza kwa wiki mbili ni sawa na anayedai kukuondolea kovu la mguuni kwa kukunywesha maji. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, kiacheni jikoni.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1850 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alipoitazama mishipa ya maiti kwa hadubini alisema wazi kwamba huo ni ugonjwa wa kuvimba. Baadaye, mwaka 1913, Nikolai Anitschkow huko Urusi aliwalisha sungura lehemu safi na mishipa yao ikaugua, na tangu hapo wataalamu wengi wakatazama mafuta wakawasahau askari. Mwaka 1999 daktari Mmarekani Russell Ross aliandika makala yenye kutamka bila kusitasita kwamba kukakamaa kwa mishipa ni ugonjwa wa mwako. Sisi wenyewe tulikuwa tumeshamaliza chuo, na daftari zetu zina bomba.

Huku kwetu Afrika Mashariki ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa adimu kiasi kwamba mwaka 1956 daktari Hugh Trowell na mwenzake waliandika katika jarida la udaktari habari za Mwafrika mmoja tu aliyeugua, nchini Uganda. Mgonjwa mmoja alitosha kuandikiwa makala! Leo muuguzi akiandika makala kwa kila mgonjwa wa namna hiyo hatapata muda wa kupima presha. Damu yetu haijabadilika tangu wakati wa babu zetu. Tunachokula, tunachovuta na jinsi tunavyokaa ndivyo vilivyobadilika.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo limetufanya tushike kalamu. Siku hizi kila kona kuna mtu anauza kitu cha "kuongeza kinga": vidonge, majani ya chai, unga, hata maji. Watu wamejifunza, tangu ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia na tena wakati wa UVIKO, kwamba kinga ikiwa nyingi ni heri na ikiwa kidogo ni balaa. Sisi tunasema kinga si shilingi, kwamba ukiwa nazo nyingi zaidi ndivyo unavyokuwa tajiri zaidi. Kinga ni jeshi. Jeshi linalotoka likapigana na kurudi kambini ni usalama wa nchi. Jeshi linalozunguka mitaani usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, wenye nchi hawalali.

Ushahidi upo. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi nyingi kwa wagonjwa 10,061 waliokwisha kupata shambulio la moyo na ambao vipimo vya damu vilionyesha mwako. Baadhi yao walipewa sindano ya dawa iitwayo canakinumab, ambayo haigusi lehemu hata kidogo, bali hunyamazisha ujumbe mmoja ambao askari hutumia kuitana. Kwa kipimo cha kati cha dawa hiyo, mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Kwa hiyo shaka imeondoka, mwako wenyewe unaua. Lakini katika waliochomwa dawa hiyo, wengi zaidi walikufa kwa maambukizo, maana jeshi lilikuwa limefungwa mikono. Basi mtu asikudanganye kwamba kinga ni ya kupandisha au kushusha upendavyo kwa kijiko cha unga.

Wapo watakaosema, kama ni hivyo tuachane na habari za mafuta. Huko nako ni kupotea. Katika misitu ya Bolivia, Amerika Kusini, wanaishi watu waitwao Watsimane, wawindaji, wavuvi na wakulima. Wana minyoo, wana maambukizo ya mara kwa mara, na vipimo vya mwako katika damu za wengi wao viko juu. Hata hivyo mwaka 2017 madaktari walipopima mioyo ya watu wazima 705 wa kabila hilo, 596 hawakuwa na chokaa hata chembe katika mishipa ya moyo. Lehemu yao ni ndogo, tumbaku ni kidogo sana, na mchana kutwa wako kwenye miguu yao. Kiberiti kipo, kuni hakuna. Sisi tulio wengi tunavyo vyote viwili.

Msomaji mwenye akili ataruka haraka: "Kama tatizo ni mwako, basi nitakunywa dawa za kutuliza uvimbe." Tunakuomba sana, usifanye hivyo. Diklofenaki, ambayo watu hununua dukani kwa mgongo na magoti kama wanunuavyo peremende, huongeza hatari ya shambulio la moyo, hasa kwa mwenye presha au ugonjwa wa moyo. Dawa nyingine ya jamii hiyo, Vioxx, iliondolewa sokoni dunia nzima mwaka 2004 kwa sababu hiyo. Vidonge vya predinisoloni, ambavyo wengine huvimeza ili wanenepe, hupandisha sukari na presha. Antibiotiki nazo zilijaribiwa, kwa kudhani kuna mdudu nyuma ya ugonjwa huu: matokeo yaliyotolewa mwaka 2005, ya wagonjwa zaidi ya 4,000 waliomeza azithromaisini kila wiki kwa mwaka mzima, hayakuonyesha faida yoyote. Hata kolchisini, dawa ya kale ya jongo, ilisaidia katika utafiti wa mwaka 2019, kisha utafiti mwingine mkubwa wa mwaka 2024 haukuona msaada. Hayo ni mambo ya daktari bingwa, si ya duka la dawa.

Kinachowezekana kwetu ni kumwondolea askari sababu ya kupigana. Tumbaku inaongoza, ya kuvuta na ya kunusa, na sigara moja kwa siku si "kidogo tu". Presha iliyo juu ya 140 kwa 90 hupiga ukuta wa mshipa mchana na usiku, hata kama kichwa hakiumi. Tunarudia, kwa sababu hakuna neno tunalolisema mara nyingi zaidi kliniki na kusikilizwa kidogo zaidi: kutokuumwa kichwa si kipimo cha presha. Sukari ni hivyo hivyo. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huingia mapafuni, na madhara yake hayaishii mapafuni. Akina mama ndio wanaoubeba, na wanaume wanaoweza kutoboa tundu ukutani kwa siku moja wamekaa nje wakingoja ugali. Tumbo lililojaa mafuta nalo ni kiwanda cha mwako. Lakini wembamba si kinga, kama mwalimu wetu alivyotuonyesha. Fizi zinazotoka damu ni mwako wa kila siku mdomoni. Haijathibitika kwamba kutibu fizi peke yake kunazuia shambulio la moyo, ila mswaki ni wa bei ndogo na una faida zake nyingine.

Wazee wanaopatwa na mafua makali au nimonia waangaliwe zaidi. Huko Ontario, Kanada, ilionekana mwaka 2018 kwamba katika siku 7 baada ya kuthibitika kuwa na homa ya mafua, hatari ya kupata shambulio la moyo ilipanda karibu mara 6. Jeshi likitoka kupigana na mafua, linachokoza na kile kidonda cha zamani. Bibi mwenye presha akiwa na homa na kikohozi, msimwachishe vidonge vyake vya presha ati kwa kuwa anakunywa dawa nyingine. Mleteni daktari aamue.

Kuna kundi moja ambalo tunataka kulisemea kwa nguvu, nao ni ndugu zetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wengi sasa wanazeeka, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Tuliofanya kazi wodini miaka ya 1990 tunajua tunashukuru nini. Lakini hata dawa zikiwa zimevifubaza virusi kabisa, mwako mdogo hubaki katika damu, na mishipa yao huugua mapema kuliko ya wengine. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 7,769 wenye VVU, wa umri wa miaka 40 hadi 75, katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Waliopewa kidonge cha kupunguza lehemu, cha jamii iitwayo statini, walipata mashambulio ya moyo na viharusi pungufu kwa asilimia 35 kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kidonge kimoja kwa siku! Na bado katika vituo vingi mgonjwa wa namna hiyo hupimwa uzito, huulizwa kama anameza dawa zake, huandikiwa tarehe ya kurudi, basi. Presha yake haipimwi. Hilo si kosa la mgonjwa, ni letu. Wewe unayehudhuria kliniki hiyo, una haki ya kusema: "Sista, nipime na presha." Muuguzi asikukaripie. Akikukaripia, sema tena.

Na hivyo vidonge vya statini, mbona ni vya kila siku? Kwa sababu kazi yake haiishi. Hupunguza vifurushi vya lehemu, huupoza mwako, na polepole kovu huwa nene na imara lisipasuke. Ukiacha, vifurushi hurudi katika wiki chache. Ni kama kufagia uwanja chini ya mwembe: hakuna anayefagia Jumatatu akategemea majani yasidondoke Jumanne. Vina maudhi kwa baadhi ya watu, kama misuli kuuma. Ukipata hayo uje tuzungumze, usiviache kimya kimya, na mama mjamzito asivitumie bila daktari kujua. Aspirini nayo si ya kila mtu. Aliyewahi kupata shambulio la moyo huandikiwa na daktari. Mwingine akijimezea kila siku "kulainisha damu" anaweza kutapika damu kwa vidonda vya tumbo.

Bei tunaijua. Familia yenye wanafunzi wawili na ng'ombe mmoja haichagui kwa urahisi kati ya vidonge na ada. Ndiyo maana inatuuma zaidi kuona fedha zinakwenda kwenye chupa za stendi, maana tulipopiga hesabu na mke wa mwalimu, zile chupa tatu alizomaliza zingemnunulia vidonge vya miezi mitano.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakachanganyika, au kifua kikabana huku jasho la baridi linatoka, usingoje asubuhi wala usianze na chumvi na maji ya kuchua. Njoo hospitali saa ile ile.

Mwalimu sasa anatembea kwa fimbo. Maneno yake yamerudi, ila majina ya wajukuu bado yanamchanganya. Asubuhi tunapotoa somo hatuchori bomba tena. Tunachora mguu wenye kidonda, na mara mbili hivi amenyanyua fimbo kutoka kwenye benchi la nyuma, kama mwalimu alivyo, kutusahihisha mchoro. Ile chupa ya mwisho mkewe aliiosha, anawekea mafuta ya taa.